Mwanagenzi Asitoroke Kazi, Aage



Kila mwaka, vyuo vikitoa watu wake, vijana wengi wa Arua, Aroi na Koboko huingia kazini kwa njia inayoitwa mafunzo. Wengine huwekwa gerejini chini ya fundi. Wengine hukaa kwenye cherehani sokoni, au saluni, au mahali pa kuchomelea milango na madirisha. Wengine hupelekwa hospitalini na vyuo vyao. Wengine huketi katika ofisi za mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Rhino Camp, Imvepi na Lobule. Majina yao ni mengi: mwanagenzi, mwanafunzi wa mazoezi, volantia. Jasho lao ni moja.

Na kila mwaka wako wanaokata tamaa katikati ya safari. Siku moja kijana haonekani. Fundi anauliza, wenzake wanasema hawajui, simu imezimwa. Baadaye inasikika kwamba yuko Ariwara upande wa Kongo akifanya biashara ndogo, au amevuka Oraba kutafuta kazi Sudan Kusini. Miezi ikipita anakuja kwetu chamani na maswali mawili: "Naweza kupata barua yangu? Naweza kudai pesa yangu?" Mara nyingi haki yake ilikuwapo. Lakini ushahidi aliuacha nyuma siku alipotoroka, na jina lake limekwisha kuchafuka kwa mdomo wa mtu mwingine.

Ndiyo sababu tunaandika makala haya. Hatusemi kwamba kila mwanagenzi avumilie kila jambo. Kuacha mafunzo si dhambi, na mara nyingine ni busara. Tunalosema ni hili: mwanagenzi apime kwanza, na akiisha kuamua kuondoka, aondoke mchana, mbele ya watu, kwa maandishi. Anayeaga huondoka na mali yake. Anayetoroka humwachia bosi kila kitu.

KUTOROKA KULITOKA WAPI

Tusiwacheke vijana wetu. Kutoroka kazi kuna historia katika sehemu zetu.

Wakati wa utawala wa Waingereza, West Nile ilifanywa ghala la kutoa watu wa kazi. Babu zetu walichukuliwa kwenda kukata miwa Lugazi na Kakira, mbali na nyumba zao. Siku zile zilikuwapo sheria za mabwana na watumishi. Kwa sheria hizo, mtumishi aliyeacha kazi kabla ya muda wake hakuhesabiwa kuwa amevunja mapatano tu. Alihesabiwa kuwa amefanya kosa la jinai, na aliweza kutozwa faini au kufungwa jela. Kwa hiyo mtu aliyeonewa hakuwa na mlango wa kutokea. Alingoja usiku, akafunga mzigo wake, akaenda. Kutoroka kulikuwa silaha ya mtu asiye na haki.

Leo mambo yamebadilika. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba mkataba wa kazi ni mapatano ya pande mbili, na kila upande unaweza kuumaliza kwa kutoa notisi. Tena sheria hiyo, inapoeleza mfanyakazi ni nani, inamtaja pia aliyeingia mkataba wa uanagenzi. Inasema vilevile kwamba mkataba unaweza kuwa wa maandishi au wa maneno ya mdomo. Maana yake, fundi aliyekuambia, "Njoo ujifunze kwangu miaka miwili, nami nitakupa chakula na kitu kidogo kila Jumamosi," amekwisha kufunga mapatano nawe, hata kama hapakuwa na karatasi.

Basi mlango upo. Kwa nini tutoke kwa dirisha?

WANAGENZI SI WA NAMNA MOJA

Kabla ya kuamua jambo lolote, kijana ajue yeye yumo katika kundi gani, maana njia ya kutokea si moja.

Kundi la kwanza ni mwanafunzi aliyetumwa na chuo. Huyu bado ni mtoto wa chuo. Mazoezi yake ni sehemu ya masomo, nayo hupewa alama. Akiacha bila kuliambia chuo, hakuacha kazi tu, ameacha somo, na anaweza kurudishwa nyuma mwaka mzima. Huyu mtu wake wa kwanza si meneja wa ofisi. Ni mwalimu wa chuo anayesimamia mazoezi. Mara nyingi chuo kinaweza kumhamisha mahali pengine bila hasara, mradi kimejua mapema na daftari lake la mazoezi limejazwa.

Kundi la pili ni mwanagenzi wa fundi. Huyu aliletwa na mzazi au mjomba, pengine kwa ada ya kufundishwa, pengine kwa mbuzi, pengine kwa udugu tu. Karatasi ni haba, lakini mashahidi wapo. Huyu hawezi kuondoka vizuri bila kuwarudia wale waliomleta.

Kundi la tatu ni aliyemaliza masomo akaingia ofisini kwa muda, miezi mitatu, sita au mwaka, na kupewa alawansi. Huyu kwa kawaida ana barua. Barua hiyo aisome upya kabla ya kusema neno, maana ndani yake muna muda, malipo na kiasi cha notisi.

Tuwakumbuke pia ndugu zetu wakimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi. Mwanagenzi kutoka Yei au kutoka Aru asidanganywe kwamba yeye hana pa kulalamika kwa sababu amevuka mpaka.

PIMA: NI UGUMU AU NI DHULUMA?

Katika kazi yetu ya chama tumeona kwamba vijana huchanganya mambo mawili. Liko jambo linaloitwa ugumu, na liko linaloitwa dhuluma. Ugumu humfundisha mtu. Dhuluma humla mtu.

Kufagia gereji mwezi wa kwanza ni ugumu. Kuosha spana, kushika taa wakati fundi yuko chini ya gari, kurudia mshono mara kumi mpaka unyooke, kukaripiwa kwa kuharibu kitambaa cha mteja, yote haya ni ugumu. Fundi naye alipita hapo hapo. Ofisini, kupiga kopi za karatasi na kupanga mafaili wiki za kwanza si tusi.

Lakini ukifagia mwaka mzima na hujafungua injini hata moja, hayo si mafunzo tena. Ukifanya kazi yote ya mtu mwenye mshahara, na mwenye mshahara hayupo, wewe si mwanagenzi, ni mfanyakazi asiyelipwa. Ukinyimwa malipo mliyopatana, au ukikatwa pesa kwa kosa lisilo lako, hiyo ni dhuluma. Ukichomelea chuma bila miwani, ni hatari. Ukiambiwa kwamba barua yako itatiwa sahihi ukikubali kulala na mkubwa, hiyo ni dhuluma mbaya kuliko zote.

Ili kupima, twawashauri vijana wajiulize maswali haya matano, na waandike majibu kwenye karatasi:

1. Mwezi huu nimejifunza jambo gani ambalo mwezi uliopita sikulijua? Ikiwa miezi mitatu imepita na jibu ni "hakuna", kuna kasoro.

2. Je, kile tulichopatana, cha muda, chakula, nauli au alawansi, kinatimizwa?

3. Je, kazi inahatarisha mwili wangu au heshima yangu?

4. Umebaki muda gani? Mtu aliyebakiza wiki tatu katika miezi sita ana hesabu nyingine kuliko aliyebakiza mwaka mmoja na nusu.

5. Nikitoka hapa, naenda wapi kesho asubuhi?

Swali la tano lisidharauliwe. Mwaka 2025, Marekani ilipokata misaada yake, mashirika mengi yaliyokuwa yakihudumia wakimbizi yalipunguza watu na kufunga kazi. Nafasi za ofisini zikawa adimu zaidi. Hatusemi hivyo ili kumtia kijana hofu abaki katika dhuluma. Twasema ili asiruke kabla ya kutazama anaangukia wapi. Aliyepata nafasi bora mahali pengine, au aliyeitwa kurudi masomoni, huyo ana sababu njema kabisa ya kuaga, na hana haja ya kumtukana mtu.

Jambo jingine ni sheria ya kima cha chini cha mshahara. Vijana wengine hutuambia, "Serikali itawalazimisha watulipe." Ukweli ni kwamba kima cha chini kilichowekwa Uganda mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha mswada mpya mwaka 2019, lakini Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo kinga yako kubwa ni mapatano yako mwenyewe. Yaandike siku ya kwanza, hata kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili watie majina. Sheria ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, si zaidi ya wiki 12 tangu alipoanza. Ukifika wiki hiyo huna kitu, omba kwa adabu.

SEMA KABLA YA KUONDOKA

Ukiisha kupima ukaona kuna kasoro, usikimbilie barua ya kuacha. Kwanza sema.

Wakubwa wengine hawajui kwamba kijana hafundishwi. Meneja yuko Kampala, msimamizi yuko safarini kambini, na mwanagenzi amesahauliwa kwenye kona. Fundi naye ana madeni, wateja wamemkalia, hana habari kwamba mwaka umepita. Neno moja la heshima limewahi kuleta mabadiliko mara nyingi.

Chagua wakati. Usimwendee fundi wakati gari la mteja limefunguliwa na mteja amesimama. Mngojee jioni, vifaa vimekusanywa. Umwambie hivi: "Mzee, ninashukuru kwa mlivyonipokea. Nimekaa miezi minane. Naomba tuzungumze juu ya kujifunza injini, maana mpaka sasa nimekuwa kwenye magurudumu tu. Mnaonaje?" Hapo hujamshtaki. Umemwomba mafunzo aliyoahidi.

Asiposikia, mrudie aliyekuleta. Kwetu hapa, kwa Walugbara na kwa Wakakwa vilevile, jambo la kijana na mkubwa halimalizwi na kijana peke yake. Mzazi, mjomba au mzee wa kanisa au msikiti aende akae na fundi. Mzee akija, fundi hawezi kusema baadaye kwamba hakuambiwa. Huo nao ni ushahidi.

Ofisini, andika. Barua fupi kwa msimamizi, ukiweka nakala yako. Ikiwa umetumwa na chuo, mwalimu wako apate nakala.

Weka siku. Jiambie: nitangoja wiki nne. Bila siku, kungoja hakuishi.

IKIWA NI JAMBO LA WOTE, USITOKE PEKE YAKO

Hapa yatupasa tuseme jambo la chama. Ikiwa wewe peke yako ndiwe unayeonewa, pengine kuaga ndiyo dawa. Lakini ikiwa wanagenzi kumi wa mahali pamoja wanaonewa kwa jambo moja, ukitoka wewe, kesho ataletwa wa kumi na moja, na mambo yataendelea yale yale.

Tutazame jirani zetu wa Kenya. Daktari akimaliza chuo ni lazima afanye mwaka wa mafunzo hospitalini kabla ya kuandikishwa kamili. Makubaliano ya mwaka 2017 kati ya chama chao, KMPDU, na serikali yaliweka malipo ya daktari mwanagenzi karibu shilingi 206,400 za Kenya kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikataka kuwalipa shilingi 70,000. Kama kila kijana angeandika barua yake ya kuacha, nani angeumia? Yeye mwenyewe, kwa kukosa kuandikishwa. Hawakufanya hivyo. Chama kizima, wakongwe pamoja na wanagenzi, kiligoma tangu katikati ya mwezi wa Machi mpaka Mei 8, 2024. Hata hapo jambo la wanagenzi halikuisha. Waliendelea kulidai, na Desemba 2024 serikali ilikubali kufuata malipo ya mwaka 2017.

Hapa Uganda nako, madaktari wanagenzi waliweka chini vifaa mwaka 2021 kwa ajili ya alawansi zao, na wakubwa wao wa kazi wakawaunga mkono.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama cha wafanyakazi au kujiunga nacho. Kwa hiyo, kabla hujaandika barua ya kuacha, uliza wenzako: hili ni langu au ni letu? Ikiwa ni letu, njooni wote pamoja chamani. Mmoja akizungumza ni mnung'unikaji. Kumi wakizungumza ni ujumbe.

JINSI YA KUAGA

Sasa tuseme umepima, umesema, umengoja, na umeamua. Fuata hatua hizi, moja baada ya nyingine.

Kwanza, kusanya kilicho chako kabla ya kutoa habari. Daftari la mazoezi litiwe sahihi mpaka wiki ya mwisho. Andika orodha ya kazi ulizofanya: magari, nguo, milango, ripoti. Weka nakala ya barua uliyopewa mwanzo, na ya karatasi za malipo. Ikiwa ulimpa mkubwa cheti chako cha shule akuwekee, kiombe sasa. Na siku nyingine mahali pengine, toa nakala tu. Cheti chenyewe kikae nyumbani.

Pili, hesabu notisi. Kwanza tazama mkataba wako unasema nini. Sheria ya mwaka 2006 inaweka kiasi hiki: aliye katika muda wa majaribio, siku 14. Aliyekaa zaidi ya miezi sita lakini hajatimiza mwaka, wiki mbili. Aliyepita mwaka mmoja lakini hajafika miaka mitano, mwezi mmoja. Hata pale ambapo mapatano yenu hayakutaja notisi, toa wiki mbili. Ni heshima, na fundi hupata nafasi ya kutafuta mkono mwingine.

Tatu, mwambie kwa mdomo kabla ya kumpa karatasi. Mkubwa asisikie habari zako kwa wapishi au kwa vijana wa bodaboda. Mwendee yeye kwanza, kisha wenzako.

Nne, andika barua fupi. Isiwe na matusi, wala machozi, wala hadithi ndefu. Ofisi nyingi za Arua huandikiana Kiingereza, basi kijana anaweza kuigeuza barua hii, lakini mambo yaliyomo yawe haya haya:

"Kwa Bwana Meneja,

Kuhusu: Kumaliza mafunzo yangu.

Naandika kukuarifu kwamba nitamaliza mafunzo yangu hapa tarehe ___, baada ya notisi ya wiki mbili kuanzia leo tarehe ___.

Nashukuru kwa yale niliyojifunza, hasa ___.

Kabla ya siku hiyo nitakabidhi vifaa na kazi nilizonazo kwa yule utakayemchagua.

Naomba nipewe cheti cha utumishi kinachoonyesha muda niliokaa na kazi niliyofanya, pamoja na malipo yangu yaliyobaki.

Wako mtiifu, ___"

Andika nakala mbili. Moja mpe meneja. Ya pili aitie sahihi na tarehe kwamba amepokea, nawe uiweke. Akikataa kutia sahihi, andika nyuma yake siku, saa na jina la shahidi aliyekuona ukiitoa.

Kwa fundi asiyesoma, barua ya maneno mbele ya mzee wako na mzee wake yatosha. Lakini wewe mwenyewe uandike kikaratasi kidogo cha yaliyosemwa, na wazee watie alama ya kidole.

Tano, fanya kazi mpaka siku ya mwisho. Hili huwashinda wengi. Akiisha kutoa notisi, kijana huanza kuchelewa na kulegea. Kumbuka kwamba watu husahau miezi sita ya kazi njema na kukumbuka wiki mbili za uvivu. Fika mapema kuliko zamani.

Sita, kabidhi. Kila spana, jeki, mkasi, ufunguo, kompyuta au pikipiki uliyopewa, irudishe mbele ya shahidi, na orodha itiwe sahihi. Tumeona kesi nyingi za kijana kusingiziwa wizi baada ya kuondoka. Aliye na orodha alilala nyumbani kwake. Asiye nayo alilala polisi.

Saba, dai kilicho chako. Sheria inasema mfanyakazi akimaliza kazi, kwa namna yoyote, alipwe mshahara na haki zake nyingine ndani ya siku saba. Vilevile mfanyakazi akiomba, mwajiri atoe cheti cha utumishi kinachotaja muda wa kazi na aina ya kazi. Ukinyimwa, nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya au wa jiji, ukiwa na nakala zako. Chama kitakusindikiza.

Je, ada ambayo mzazi alimlipa fundi hurudi? Jibu ni kwamba hutegemea mapatano. Ikiwa fundi amefundisha nusu ya muda, si haki kudai yote. Ikiwa hakufundisha kitu, si haki aibakize yote. Jambo kama hili wazee wakikaa huweza kulimaliza kwa mchana mmoja, na wakishindwa ndipo lipelekwe mbele.

SIKU YA KUONDOKA BILA KUNGOJA

Yote tuliyosema juu ya kungoja na notisi yana mpaka. Yako mambo ambayo kwayo hatumwambii kijana angoje hata siku moja.

La kwanza ni hatari ya mwili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Tena inamruhusu mfanyakazi kujiondoa mahali penye hatari kubwa iliyo karibu. Macho hayana spea. Ukiambiwa uingie chini ya lori lililoinuliwa kwa jeki mbovu bila gogo la kulishikilia, kataa hapo hapo.

La pili ni kipigo, na la tatu ni kutakwa mwili. Binti zetu, na wavulana pia, wasikie vizuri: sheria ya mwaka 2006 inamkataza mwajiri na mwakilishi wake kumtaka mfanyakazi kimapenzi kwa ahadi au kwa vitisho, na aliyefanyiwa hivyo ana haki ya kulalamika kwa afisa wa kazi. Mwajiri mwenye watu zaidi ya 25 anatakiwa kuwa na mipango ya kuzuia jambo hilo. Ondoka siku hiyo hiyo. Lakini hata hapo usipotee. Mwambie mtu mmoja unayemwamini jioni ile ile, andika siku, saa na maneno yaliyosemwa, kisha njoo chamani au nenda kwa afisa wa kazi. Ikiwa uko chuoni, mwalimu wako ajue. Sheria inatambua kwamba mtu aweza kumaliza mkataba, kwa notisi au bila notisi, kwa sababu ya mwenendo mbaya wa mwajiri. Basi kuondoka kwa namna hiyo si kutoroka. Tofauti ni kwamba umesema kwa nini.

KINACHOBAKI MKONONI

Arua ni jiji tangu mwaka 2020, lakini kwa habari za watu bado ni kijiji. Fundi wa barabara moja anamjua fundi wa barabara ya pili. Msimamizi wa shirika hili mwaka ujao atakuwa shirika lile. Dereva wa Koboko atauliza habari zako Vurra, naye atapata jibu kabla ya jua kuchwa. Jina ndilo mali ya kwanza ya mtu wa kazi.

Tena ufundi ulioupata haupotei kwa sababu hukumaliza kwa fundi mmoja. Tangu sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2008, Uganda imekuwa na njia ya kumpima mtu kwa kazi ya mikono yake, hata kama alijifunzia chini ya mwembe, na kumpa cheti. Sheria mpya ya mwaka 2025 imepanga upya bodi za mitihani. Kwa hiyo nenda ukaulize katika chuo cha ufundi kilicho karibu nawe jinsi ya kujiandikisha sasa. Ile orodha ya kazi ulizofanya, na lile daftari lenye sahihi, ndivyo vitakavyokusaidia kueleza umefika wapi.

Nanyi ndugu mafundi na wasimamizi, ambao wengi wenu ni wanachama wetu, tuna neno kwenu pia. Mwanagenzi akija kuaga, msimfukuze siku ile ile kwa hasira. Mkimfukuza anayeaga, mnawafundisha waliobaki kwamba ni bora kutoroka. Tieni sahihi daftari lake. Mlipeni kilichobaki. Andikeni ukweli wa kazi yake. Kijana aliyetoka kwenu vizuri ataleta wateja, na siku moja ataleta mtoto wake ajifunze hapo.

Ofisi za chama ziko wazi kwa mwanagenzi kama zilivyo wazi kwa mfanyakazi wa miaka ishirini. Anayefikiria kuacha, aje kabla hajaacha. Aje na karatasi zake, na ikiwezekana aje na wenzake.

Umoja ni nguvu.